Ksaveri, jina la nyumba iliyobomolewa



Likizo ya Krismasi iliyopita nilikuwa nyumbani Kilimanjaro. Kwetu Wachaga, kama wengi mnavyojua, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi pamoja na kihamba kinachoizunguka, na humo kihambani ndimo walimolala wazee wetu. Baba yangu alikuwa wa mwisho kwa babu, na mimi ni wa mwisho kwa baba. Babu alisubiri wageni waondoke, akaniuliza taratibu kama padre anaruhusiwa kurithi kihamba. Na kama anaruhusiwa, baada yake kitakwenda kwa nani, na jina la ukoo litabebwa na nani. Nilimjibu kwa maneno mazuri ya darasani. Alinisikiliza kwa heshima, lakini niliona hakuridhika. Nami sikuridhika.

Niliporudi seminarini nilichukua maktabani kitabu cha maisha ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Sikukitafuta kwa sababu ya swali la babu. Nilitaka tu kumfahamu msimamizi wa misioni ambaye tunamtaja kila mwaka tarehe 3 Desemba na kumsahau tarehe 4. Nikakuta kwamba naye alikuwa mtoto wa mwisho, naye alikuwa na nyumba, na kwamba jina lake tunaloliita kila siku ni jina la nyumba hiyo.

Watu wengi hudhani Ksaveri ni jina la ubatizo kama Yohane au Petro. Sivyo. Alibatizwa Fransisko. Ksaveri ni jina la mahali, na kabla ya kuwa jina la mahali yalikuwa maelezo ya jengo tu. Katika Kibaski, lugha ya kale inayosemwa kaskazini mwa Hispania na kusini-magharibi mwa Ufaransa, etxe ni nyumba na berri ni mpya. Nyumba mpya, basi. Maneno hayo mawili yakashikamana vinywani mwa watu karne baada ya karne, yakadondosha silabi ya mwanzo, yakawa Xabier, Xavier. Herufi x wakati huo ilitamkwa kama sh yetu. Wahispania baadaye wakabadili sauti na kuandika Javier, Waitaliano wakasema Saverio, na sisi tukachukua maandishi ya Kilatini tukapata Ksaveri. Kama tungelipokea jina hili kwa sikio badala ya karatasi, leo vijana wetu wangeitwa Shavieri, na wangekuwa karibu zaidi na mwenyewe alivyojiita.

Kwa Wabaski wa zamani nyumba ndiyo iliyompa mtu jina. Kwa kuwa kila bonde lilikuwa na nyumba iliyokuwa mpya kwa wakati wake, jina hili liliota mahali pengi kwa sura nyingi: Etxeberria, Echeverría, Chávarri. Kuna mji mdogo wa Etxebarria huko Bizkaia. Luis Echeverría alikuwa Rais wa Mexico kuanzia 1970 hadi 1976. Mshairi Esteban Echeverría wa Argentina ana wilaya yenye jina lake katika jimbo la Buenos Aires. Na Askofu aliyeongoza Opus Dei kuanzia 1994 hadi alipofariki 2016 aliitwa Javier Echevarría, yaani, ukilichambua jina lake mwanzo mpaka mwisho, Nyumba Mpya Nyumba Mpya. Sijui kama wenzake walimtania. Sisi tungemtania.

Fransisko alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506 katika ngome ya Javier, mashariki mwa ufalme mdogo wa Navarra. Baba yake, Juan de Jasso, alikuwa daktari wa sheria na rais wa baraza la mfalme. Mama yake, María de Azpilcueta, ndiye aliyekuja na ngome hiyo kama urithi wake. Jasso ni kijiji, Azpilcueta ni kijiji kingine, na Javier ni ngome, kwa hiyo ndani ya familia moja palikuwa na majina matatu ya mahali na kila mtoto aliangukia mojawapo. Kaka mkubwa, Miguel, alitumia jina la Xavier. Kaka wa pili, Juan, alijiita Azpilcueta kwa upande wa mama. Fransisko akachukua la ngome. Kwa mtu wa kwetu jambo hili linashangaza kidogo, ndugu wa tumbo moja kuwa na majina tofauti, lakini kwao jina lilionyesha unatoka chini ya paa lipi.

Paa hilo halikudumu. Mwaka 1512 Mfalme Fernando wa Aragon, aliyekuwa pia akitawala Castilla, alituma jeshi likaiteka Navarra. Fransisko alikuwa na miaka sita. Mwaka 1515 baba yake alifariki. Mwaka uliofuata watu wa Navarra walijaribu kumrudisha mfalme wao, wakashindwa, na Kardinali Cisneros, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya taji la Hispania, akaamuru ngome za nchi hiyo zibomolewe. Wabomoaji wakafika Javier. Minara ilikatwa, kuta za ulinzi zikaangushwa, handaki la kuizunguka likafukiwa. Familia iliachiwa sehemu ya kulala. Mtoto wa miaka kumi aliyekuwa akiitwa Nyumba Mpya alisimama akitazama nyumba yake ikigeuzwa kifusi kwa amri iliyotiwa sahihi na mwana wa Kanisa. Sijaona kitabu kinachoeleza alichofikiri siku hiyo, na pengine ni vizuri.

Kaka zake walichukua silaha na kupigana miaka kadhaa. Mwaka 1521, katika vita hivyo hivyo, ofisa mmoja Mbaski aliyekuwa akiilinda Pamplona kwa ajili ya Wakastilla alivunjwa mguu na risasi ya mzinga. Aliitwa Íñigo wa Loyola. Kaka zake Fransisko walikuwa upande wa pili wa vita hivyo. Hili tulikumbuke, maana litarudi.

Mwaka 1525 Fransisko alikwenda Paris kusoma. Alikuwa na miaka 19, mrefu, mchangamfu, hodari wa michezo ya kuruka, na mwenye kupenda kutumia fedha ambazo nyumbani hazikuwapo. Aliishi katika Chuo cha Sainte-Barbe, chumba kimoja na kijana wa Savoia aliyechunga kondoo utotoni, Petro Favre. Mwaka 1529 chumba hicho kikaongezewa mtu wa tatu, mwanafunzi mzee wa miaka 38, mchechemeaji, maskini, anayeomba sadaka ili alipe ada. Ndiye yule ofisa wa Pamplona, ambaye sisi tunamfahamu kama Mtakatifu Inyasi.

Nimejifurahisha kutafuta maana za majina ya chumba hicho. Favre linatoka katika neno la Kilatini la fundi chuma, yaani mhunzi. Loyola, wajuzi wa Kibaski husema, limetokana na neno la matope au udongo. Na la tatu ni Nyumba Mpya. Mhunzi, Matope na Nyumba Mpya walilala chumba kimoja, na mmoja wao alikuwa na kila sababu ya kumchukia mwenzake.

Favre alimpenda Inyasi mapema. Fransisko alimkwepa, na inasemekana alimdhihaki. Ingetosha historia ya nyumba zao kueleza sababu, lakini ilikuwapo nyingine ya karibu zaidi: Fransisko alikuwa na mpango wake. Alipata shahada ya uzamili mwaka 1530 na kuanza kufundisha falsafa ya Aristotle katika Chuo cha Beauvais pale pale Paris. (Wenzangu wa mwaka wa pili, mkilalamika tena juu ya Aristotle, kumbukeni ni nani aliyewahi kumfundisha.) Mwaka 1531 aliandika kwao Navarra kuomba hati ya mahakama ya kuthibitisha kwamba yeye ni mtu wa ukoo bora kwa pande zote za wazazi. Hati kama hiyo ilifungua mlango wa kupata cheo chenye mapato katika kanisa kuu la Pamplona. Nyumba ilikuwa imeanguka, lakini jina lilikuwa bado lina bei, naye alitaka kuliuza kwa heshima.

Hapa ndipo nilipoanza kumwelewa. Mtu aliyenyang'anywa nyumba huishikilia karatasi.

Kesi za nasaba, zamani kama sasa, huchukua muda. Hati hiyo ilitoka mwaka 1536. Ilipofika, mwombaji hakuwa tena mtu yule aliyeiomba. Mama yake alikuwa amefariki 1529, na dada yake Magdalena, mtawa Mklara huko Gandia, alimfuata baada ya miaka michache. Inyasi alikuwa amemngoja kwa subira, akimtafutia wanafunzi wa kusikiliza masomo yake, akimsaidia kwa fedha alizoomba. Tarehe 15 Agosti 1534 wenzi saba walipanda kilima cha Montmartre, na humo kanisani Fransisko akaweka nadhiri za ufukara na usafi wa moyo pamoja na mhunzi wake na adui wake wa zamani. Waliahidi pia kwenda Yerusalemu. Mwishoni mwa 1536 aliondoka Paris kwa miguu kwenda Venezia. Hati ya ukoo bora haikumfaa tena kwa chochote.

Alipewa daraja la upadre Venezia tarehe 24 Juni 1537. Yerusalemu hawakufika, kwa sababu ya vita baharini, wakajiweka chini ya Papa, na mwaka 1540 Papa Paulo III akalithibitisha Shirika la Yesu. Mwaka huo huo Mfalme Yohane III wa Ureno aliomba wamisionari kwa ajili ya India. Fransisko hakuchaguliwa. Aliyechaguliwa alikuwa Nicolás Bobadilla, lakini Bobadilla aliugua, na Fransisko akawekwa badala yake kwa taarifa ya siku moja. Mmisionari mkubwa kuliko wote wa zama zile alikwenda kama mbadala wa mgonjwa.

Merikebu iliondoka Lisbon tarehe 7 Aprili 1541, siku aliyotimiza miaka 35. Safari ilikuwa ya taabu sana. Walichelewa pepo za kuvukia, wakalazimika kukaa miezi kadhaa kisiwani Msumbiji, ambako Fransisko aliuguza wagonjwa mpaka naye akaugua. Mapema mwaka 1542 walipandisha tanga kuelekea kaskazini, na hapo ndipo anapoingia katika pwani yetu.

Walitia nanga Malindi. Mji huo ulikuwa rafiki wa Wareno tangu Vasco da Gama alipopita mwaka 1498. Mtu mmoja wa merikebuni alikuwa amefariki, na Fransisko akamzika hapo kwa ibada ya Kanisa. Aliandika baadaye kwamba Waislamu wa mji waliona vema namna wafu walivyoheshimiwa. Kisha mzee mmoja mwenye cheo pale mjini akazungumza naye. Mzee huyo alitaka kujua kama huko kwa Wakristo makanisa hujaa, kama watu husali kwa moyo. Alisikitika kwamba kati ya misikiti 17 ya Malindi watu walikuwa wakienda mitatu tu, na hata hiyo kwa uchache, na hakuelewa kosa lilikuwa nini. Fransisko alimjibu kwa ukali wa mtu wa zama zake, kwamba Mungu hapendezwi na sala zao, na mzee hakukubali. Wakaachana hivyo. Kila ninaposoma habari hii namwonea huruma mzee zaidi kuliko mtakatifu wetu. Swali lake ni lile lile analouliza paroko yeyote anapotazama mabenchi ya nyuma, naye alimuuliza mgeni bila kuona haya.

Leo Malindi kuna kikanisa kidogo cha Wareno karibu na bahari, ambacho watu hukihusisha na jina la Fransisko Ksaveri. Wareno walituachia pia maneno, na baadhi ya maneno hayo yamehama nyumba. Padri ni neno lao la baba. Lakini gereza, wanavyoeleza wataalamu, ni neno lao la kanisa, igreja, lililoingia ngomeni pamoja na askari na kubaki huko baada ya sala kuondoka.

Tarehe 6 Mei 1542, baada ya miezi kumi na mitatu, alifika Goa. Miaka kumi iliyobaki ya maisha yake siwezi kuieleza yote hapa. Ramani yake ingechosha. Kusini mwa India, miongoni mwa Waparava wavuvi wa lulu, alitafsiriwa sala kwa Kitamil akazikariri kama mtoto wa mafundisho ya komunyo ya kwanza, kisha akazunguka na kengele akiwakusanya watoto. Mwishoni mwa 1544, kwa maelezo ya barua yake mwenyewe, alibatiza zaidi ya watu 10,000 katika mwezi mmoja. Katika barua hizo kuna jambo dogo ambalo wengi hulipita: kila aliyebatizwa alipewa jina lake jipya limeandikwa kwenye kipande cha karatasi. Watu wasiojua kusoma walirudi nyumbani wakiwa wameshika jina mkononi. Yule aliyewahi kungoja karatasi ya jina lake miaka mitano sasa alikuwa akiwagawia maelfu karatasi za majina, bure.

Si kila kitu katika kazi hiyo ni cha kushangilia. Wakatoliki wa Goa walipobatizwa walichukua pia majina ya ukoo ya Kireno, ndiyo maana ndugu zetu wenye asili ya Goa waliokuja Zanzibar, Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam wanaitwa de Souza, Fernandes, Pereira. Majina ya ukoo waliyokuwa nayo kabla yakafifia. Na mwaka 1546 Fransisko alimwandikia Mfalme wa Ureno akiomba mahakama ya kuwasaka wazushi, Inkwizisheni, iletwe Goa. Ilianzishwa 1560, yeye akiwa ameshafariki, na ilitesa watu wengi. Alichoomba aliomba. Mtoto aliyeona nyumba yake ikibomolewa kwa amri aliomba chombo ambacho kingebomoa nyumba za wengine, na sidhani aliwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Mwaka 1546 alikuwa Amboina, visiwa vya Maluku, mashariki kabisa, ambako barua ya Ulaya ilichukua miaka kufika. Kutoka huko aliwaandikia wenzake kwamba amekata sahihi zao, majina yao waliyoyaandika kwa mikono yao wenyewe, kutoka katika barua walizomtumia, na anatembea nayo shingoni pamoja na nadhiri zake. Nimelisoma jambo hili mara nyingi. Hati ya ukoo wake sijaona popote kwamba aliibeba. Majina aliyobeba ni ya Mhunzi na Matope na wengine, na hao hawakuwa ndugu zake wa damu hata mmoja.

Sehemu inayonigusa kama mwanafunzi wa falsafa ni Japani. Huko Malacca, mwishoni mwa 1547, alikutana na Mjapani aitwaye Anjirō, aliyekimbia kwao baada ya kuua mtu. Tarehe 15 Agosti 1549 walifika pamoja Kagoshima, wakiwa na Padre Cosme de Torres na Bruda Juan Fernández. Shida ya kwanza ilikuwa jina. Mungu aitweje kwa Kijapani? Anjirō, ambaye hakuwa msomi, alipendekeza Dainichi, na Fransisko akamhubiri Dainichi barabarani kwa muda mrefu. Watawa wa Kibudha wa madhehebu ya Shingon walimpokea kwa furaha kubwa mno, furaha ambayo hatimaye ilimtia wasiwasi. Huko Yamaguchi, mwaka 1551, aliwauliza maswali ya kina: je, huyo Dainichi aliumba? Je, ni Nafsi? Akagundua kwamba Dainichi ni Buddha mkuu wa madhehebu yao, Jua Kuu, na kwamba amekuwa akiwahubiria watu dini yao wenyewe. Akamtuma Fernández barabarani kutangaza kwamba Dainichi asiabudiwe. Kuanzia hapo walitumia neno la Kilatini, Deus, kama lilivyo, na wapinzani wakalipotosha kwa Kijapani likasikika kama uongo mkubwa.

Jina lenye maana nyingi mno lilimponza, na jina lisilo na maana yoyote kwa wasikilizaji nalo lilimponza. Sisi tumezaliwa na neno Mungu mdomoni, neno la kale la Kibantu ambalo Waislamu na Wakristo wa pwani walilipokea bila kugombana, na mara chache tunafikiri ni bahati kubwa namna gani. Fransisko hakuwa na bahati hiyo. Alichokuwa nacho ni moyo wa kusimama katikati ya barabara na kufuta mahubiri yake ya miaka miwili. Nawajua walimu wengi, nami nikiwemo nikifundisha katekesi kigangoni, ambao wangeacha kosa lipite kimya.

Wajapani walimuuliza mara kwa mara kwa nini, kama imani yake ni ya kweli, Wachina hawaifahamu. Akaamua kwenda China. Nchi hiyo ilikuwa imefungwa kwa wageni, na aliyeingia bila kibali aliweza kufungwa au kuuawa. Mwishoni mwa Agosti 1552 alishushwa kwenye kisiwa cha Shangchuan, mbele ya pwani ya Guangdong, ambako wafanyabiashara Wareno walibadilishana bidhaa kwa siri katika vibanda vya matawi na majani waliyovichoma wanapoondoka. Alimlipa mfanyabiashara mmoja Mchina amvushe usiku. Akamngoja. Merikebu zikaondoka moja baada ya nyingine, baridi ikaingia, mfanyabiashara hakutokea. Kuelekea mwisho wa Novemba alishikwa na homa.

Aliyekuwa naye ni kijana Mchina aitwaye Antonio, aliyesomeshwa Goa. Ni kwa ushuhuda wake tunajua siku za mwisho. Katika homa Fransisko alisema maneno mengi katika lugha ambayo Antonio hakuitambua, ingawa Kireno na Kilatini alivizoea. Watu wengi huamini ilikuwa Kibaski, lugha aliyosikia utotoni, ile yenye etxe na berri ndani yake. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 3 Desemba 1552 alifariki, akiwa na miaka 46, ndani ya kibanda cha majani. Watu wachache walimzika. Sanduku lilijazwa chokaa ili mwili uoze upesi, mifupa ipate kusafirishwa. Miezi iliyofuata walipofukua wakakuta haukuoza, ukapelekwa Malacca na kisha Goa, ambako upo hadi leo katika Basilika ya Bom Jesus. Mkono wa kulia, ule uliobatiza, uko Roma katika kanisa la Gesù. Juni 1553 Inyasi, asiyejua lolote, alimwandikia barua ya kumwita arudi Ulaya.

Papa Gregori XV alimtangaza mtakatifu tarehe 12 Machi 1622, siku moja na Inyasi, Theresa wa Avila, Filipo Neri na Isidori Mkulima. Mwaka 1927 Papa Pio XI akamfanya msimamizi wa misioni pamoja na Theresia wa Mtoto Yesu, mtawa ambaye hakuwahi kutumwa misioni.

Jina nalo likaenda mbali kuliko yeye. Ipo San Javier ya Bolivia, misioni ya Wajesuiti ya 1691, na San Xavier del Bac huko Arizona. New Orleans kuna Chuo Kikuu cha Xavier, kilichoanzishwa na Mtakatifu Katharine Drexel mwaka 1925 kwa ajili ya Wamarekani weusi waliofungiwa milango ya vyuo vingine. Karibu nasi zaidi, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, walifanya kazi wamisionari Wasaveriani, shirika lililoanzishwa Parma na Guido Maria Conforti mwaka 1895. Tarehe 28 Novemba 1964 watatu kati yao, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, waliuawa Baraka na Fizi pamoja na Padre mwenyeji Albert Joubert. Walitangazwa wenye heri mjini Uvira mwezi Agosti 2024. Vijana wa Kongo, Burundi na Rwanda wana chama chao cha Xaveri kilichoanzia Bukavu. Na humu seminarini, bila kwenda mbali, tuna wenzetu wawili wa jina hilo. Mmoja huandika kwa X, mwingine kwa Ks, na msimamizi wa maktaba huwachanganya.

Ngome nayo imejengwa upya. Kila mwezi Machi watu wa Navarra huiendea kwa miguu kutoka kila upande, wengine wakitembea usiku kucha.

Nimempigia babu simu nikamsimulia habari hizi, nikifupisha sehemu za Aristotle. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama yule kaka mkubwa, Miguel, alipata watoto. Nikamwambia ndiyo, alipata. Akanyamaza kidogo, kisha akasema paa la upande wa jikoni linavuja, Desemba nisisahau misumari.